Kaole ipewe muda wake

Mara ya kwanza kufika Kaole nilipewa dakika 20. Ilikuwa safari ya kundi, nimelipia hapa Dar: Hifadhi ya Saadani, Mji Mkongwe wa Bagamoyo na magofu ya mji wa kale wa Kaole, vyote siku moja. Saadani ikala siku, na sishangai. Twiga wako huku, Bahari ya Hindi iko kule, na viboko wa Mto Wami bado hujawaona. Nani atakubali kuondoka? Magofu tukayafikia jua linazama, dereva anapiga honi. Nililipa pesa kamili kwa kitu ambacho sikukiona, na iliniuma sana.

Jumamosi iliyopita nimerudi mwenyewe, pamoja na mama yangu, na hii ndiyo safari ninayoisifia.

Tulipanda basi stendi ya Makumbusho saa 12:30 asubuhi. Ni kilomita 70 hivi, na ukishavuka Bunju foleni inapungua. Stendi ya Bagamoyo tukachukua bajaji hadi Kaole, kama kilomita 5 kusini mwa mji. Kubaliana kabisa na dereva arudi saa ngapi kuwachukua. Beba na kitambulisho, kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni.

Kijana aliyetuongoza ndiye aliyenifanya niandike haya. Alimwamkia mama, akamtafutia fimbo, akatembea kwa mwendo wake. Alianzia kwenye chumba cha makumbusho, penye vyombo vya Kichina na shanga, ndipo akatupeleka kwenye msikiti wa karne ya 13. Mama akaweka kiganja ukutani. Yeye amekulia Kilwa Masoko, ng'ambo tu ya magofu ya Kilwa Kisiwani, yale yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981.

"Haya matumbawe," akasema. "Na chokaa yake ni matumbawe hayohayo, yamechomwa."

Yule kijana akamwachia aeleze jinsi kuni na mawe yanavyopangwa kwenye tanuri. Wageni wengine wakasogea kusikiliza.

Nilichokikosa mara ya kwanza ni makaburi. Yapo mengi, mengine yana nguzo ndefu, na ukisogea karibu unaona kwenye nguzo vishimo vya mviringo, sawasawa na kitako cha bakuli. Humo zilipachikwa bakuli za Kichina, pambo la watu wenye uwezo wao. Nilisimama pale muda mrefu. Chokaa bado imeshika umbo la chombo, chombo chenyewe hakipo.

Kisha akatuuliza bahari iko wapi. Hatukuiona, mbele yetu ni mikoko mitupu. Akatueleza kwamba bandari ilijaa tope na mchanga, mikoko ikaota, vyombo vikahamia Bagamoyo. Nimeishi Dar miaka yote hii, hakuna aliyewahi kunionyesha mji uliokimbiwa na bahari.

Kuna mbuyu mkubwa ambao wageni huambiwa wauzunguke wapate kuongezewa miaka. Mama alikaa chini yake, akanywa maji.

Mchana tulipita Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, tukaona mnara ulimolazwa mwili wa Livingstone, yule mvumbuzi wa Kiskoti, mwaka 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka bara. Hapo hatukukaa, mama alishachoka.

Kaole na muongozaji wake nawapa nyota 5. Safari za kurundika hifadhi na magofu ndani ya siku moja nazipa 2, na hizo 2 ni za twiga. Saadani nenda ukalale. Kaole tenga muda wa saa 3, ufike kabla ya saa 4 asubuhi. Na kabla hujamlipa wakala yeyote, mwambie akuandikie kwenye risiti mtakaa kila mahali muda gani.

Mama sasa anataka Kunduchi, kwenye makaburi mengine ya nguzo hapahapa Dar. Tunaenda Jumapili, jua likiwa bado pole.