Nyota nne, ya tano nimewanyima kwa sababu ya mabenchi

Naanza na swali tuliloulizwa kwenye geti la hii paki ya michezo ya kupanda: "wajukuu wako wapi?" Yule binti wa tiketi aliuliza kwa upole tu wala simlaumu, akachungulia nyuma yetu kama kuna katoto kamejificha kwenye gauni langu. Hakuna mjukuu mwanangu, tumekuja wenyewe, mimi na mzee wangu, wastaafu wote wawili, tumechoka kukaa nyumbani tunaangaliana. Siku hiyo tuliulizwa hivo mara tano, nilihesabu.

Sasa wenzangu wa umri huu mnaojiuliza kama paki za michezo zinatufaa, zinafaa sana tu, ila nendeni siku ya kazi watoto wakiwa shule, hapo ndo utaona faida ya kustaafu. Sisi tulifika geti linafunguliwa, watu wengi wakajazana kwenye mchezo wa kwanza wa pale mbele, tukawapita tukaenda mpaka mwisho kabisa wa paki halafu tukawa tunarudi taratibu, asubuhi yote hatukukaa foleni zaidi ya dakika kumi. Mchana ikawa habari nyingine.

Tulianza na farasi wa kuzunguka nikijua ndo saizi yetu. Wazuri, rangi imetunzwa, na muziki wao wa kizamani. Mzee akachagua farasi wa nje kabisa, eti huyo ndo anakimbia kuliko wa ndani maana anazunguka njia ndefu kwa muda ule ule. Sawa. Kosa letu likawa kutoka hapo kwenda kwenye vile vikombe vinavyojizungusha vyenyewe huku sahani nzima nayo inazunguka. Jamani. Nilishuka nimeshika ukuta, kichwa kinaendelea na safari mwili umebaki. Sikio la ndani linasema tunazunguka, jicho linaangalia kikombe kimetulia, hao wawili wasipoelewana tumbo ndo linalipa. Kwa hiyo usidanganyike na mchezo wa chini chini wenye maua, kwetu sisi kizunguzungu ni kibaya kuliko kasi.

Nikapona kwenye gurudumu kubwa, lile la vibanda. Polepole, kibanda kimefunikwa, unaona paki nzima na watu wadogo kama njugu. Mzee akaniambia lile la kwanza kabisa la bwana Ferris, Chicago 1893, lilikuwa na vibanda 36 na kila kimoja kinabeba watu 60, nikamwambia heri ya hiki chetu cha wawili. Tulipofika juu likasimama kidogo akanishika mkono. Hiyo nyota moja peke yake.

Haya, roli kosta, lile gari la reli linalopanda na kushuka vilima kwa kasi. Mimi presha yangu inapanda na pale mlangoni kuna kibao kikubwa, mwenye moyo, presha, mgongo, shingo, mjamzito, asipande, na hicho kibao msikibishie. Yeye daktari wake alishamruhusu, na ni fundi mitambo miaka yake yote ya kazi, kwa hiyo tulisimama kwanza kwenye uzio anasikiliza. Ile ka-ka-ka-ka gari likipandishwa na mnyororo nilidhani ni ubovu, kumbe ni vyuma vya kuzuia lisirudi nyuma mnyororo ukikatika. Likishafika juu halina injini, linashuka kwa uzito wake, ndo maana vilima vya mbele ni vifupi kuliko cha kwanza. Akanionyesha na magurudumu, mengine juu ya reli, mengine ubavuni, mengine chini ya reli ili gari lisiruke, na hayo ya chini aliyeyapatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ni Mmarekani John Miller mwaka 1919. Kijana mmoja alitoa spika za masikioni ili asikilize vizuri, akauliza swali, akajibiwa kwa kirefu, na aliyeulizwa tena wajukuu wako wapi ni mimi niliyesimama pembeni.

Akapita foleni ya wanaopanda mmoja mmoja, ile ya kujazia viti vilivyobaki, hairefuki sana ila kiti huchagui. Bahati akapangiwa nyuma kabisa, alipopataka, kwa sababu wa mbele wanavuka kilele polepole wakisubiri mabehewa mengine yamalize kupanda, wa nyuma wanavutwa tu ghafla kama mzigo. Kabla ya kuingia akanikabidhi kofia, miwani, simu, halafu akageuka upande akatoa meno yake ya bandia yale ya mbele akayafunga kwenye leso akanipa. "Haya yasipotee."

Ndo nikaanza kutafuta pa kukaa. Ramani iko kwenye apu, herufi ndogo kama sisimizi, chaji inaisha, na alama ya benchi iliyo karibu nilipoifikia nikakuta ni kibanda cha midoli. Nilikaa kwenye ukingo wa bustani nimeshika meno ya mtu, mlinzi akaja akaniambia hapo hapakaliwi. Nikamuuliza basi pa kukalia ni wapi, akafikiria kweli kweli, akanielekeza karibu na vyoo vya upande wa pili. Paki yote hiyo, miti imepandwa vizuri, kivuli kipo, na chini ya kivuli hakuna kitu! Na siyo wazee tu, kuna mama alikuwa ananyonyesha amesimama.

Wahudumu wa michezo yenyewe sina neno, wanakagua mkanda kwa kuuvuta na siyo kwa kuuangalia tu, na mzee hawakumharakisha kupanda wala kushuka.

Alitoka anacheka, nywele zimesimama, hataki hata kurudishiwa leso. Pale pa kutokea kuna skrini za picha, kamera inakupiga gari likianza kushuka. Binti wa hapo akatuona tumesimama akauliza, ndo hiyo mara ya tano, "mjukuu wenu ni yupi niwatolee?" Nikamwonyesha safu ya nyuma, yule mwenye mikono juu na mdomo wazi usio na meno.

Akatutolea mbili.