Kifuta jasho kwa watu wa kuhamisha nyumba: maoni yangu baada ya kutumia huduma hii

Kikosi kilichonihamisha nakipa nyota nne kati ya tano, na kifuta jasho nilikitoa kwa moyo mkunjufu. Nyota iliyobaki nimeinyima ofisi yao, maana vijana waliobeba hawana kosa. Swali ambalo watu huuliza sana ni kama lazima uwape kitu wabebaji wakati bili imeshalipwa. Si lazima. Bili ndiyo deni lako, hiki kingine ni hiari. Ila kwa maoni yangu ni kazi chache zinazostahili bahashishi kuliko hii ya kupandisha kabati ghorofani, kwa sababu ubora wake hauonyeshwi popote kwenye ankara. Kampuni inakutoza kwa saa, kwa umbali au kwa ujazo wa lori. Kioo kilichobebwa wima na kioo kilicholazwa chini ya katoni vinatozwa bei ileile.

Kwa hiyo ninachoangalia ni mikono yao. Kikosi kizuri hakikimbilii kunyanyua kitu. Nyapara anapita kwanza chumba kwa chumba, anauliza kipi kinavunjika na kipi kinabaki, anapima mlango na kona ya ngazi, ndipo anapanga nani abebe nini. Kikosi kinachoanza na kitu kilicho karibu na mlango kitalipanga lori ovyo, na njiani mizigo italegea.

Mtihani mkubwa kwangu ni mashine ya kufulia inayofunguka mbele. Pipa lake ndani limening'inia kwenye springi, na lina jiwe zito la kulitulizia. Mashine ikitoka kiwandani huja na bolti ndefu nyuma, kwa kawaida tatu au nne, za kulishika pipa lisicheze safarini. Wengi wetu tunazitoa siku ya kwanza na kuzitupa. Mbebaji anayeijua kazi atakuuliza zilipo kabla hajaigusa mashine. Ukiwa nazo atazifunga mwenyewe, atafunga maji, atachomoa mpira wa kuingizia na ule wa kutolea, kisha atainamisha mpira wa kutolea kwenye ndoo maji yaliyobaki yatoke. Usipokuwa nazo ataisafirisha ikiwa wima, ataibana kwa mablanketi pande zote na kukwambia wazi kwamba hatari bado ipo. Asiyejua anailaza kifudifudi na kuitupia godoro juu. Hasara yake hutaiona siku hiyo. Utaiona ukishaianzisha, inaporuka na kutembea sakafuni kwa sababu springi imechomoka. Na kama bolti zilifungwa, zitolewe kabla ya kuwasha. Ukiwasha zikiwamo, mtikisiko wote unaingia kwenye bodi la mashine. Kijana aliyezitoa mwenyewe tulipofika nyumba mpya na kunikabidhi kwenye mfuko nimempa zaidi ya wenzake, na sioni kosa kutofautisha.

Jokofu lina kanuni yake. Linatakiwa kuwa tupu, limechomolewa siku moja kabla ili barafu iyeyuke, na libebwe wima. Likilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba ya gesi. Ndiyo maana lililolazwa husimamishwa likatulia saa kadhaa kabla ya kuwashwa, na kama lililala safari nzima ni salama zaidi kungoja saa 24. Ukisikia mbebaji anakwambia hayo bila kuulizwa, jua umepata mtu. Mtazame pia kwenye ngazi: wa chini ndiye anayebeba uzito mwingi, kwa hiyo kikosi kinachojua kinamweka chini mwenye nguvu na uzoefu, na wa juu ndiye anayetoa maelekezo ya kila hatua.

Sofa refu kwenye mlango mwembamba ndiko ukuta unakochubuka. Njia sahihi ni kufungua miguu ya sofa, kulisimamisha kwa kichwa chake, kuingiza mgongo wake kwanza na kulizungusha kufuata kona. Likigoma, mlango unatolewa kwenye bawaba. Kazi hiyo ni ya dakika chache na inakupa nafasi ya vidole viwili au zaidi. Wanaolisukuma kwa bega hadi lipite wanakuachia kitambaa kilichochanika, halafu wanasema mlango ulikuwa mdogo.

Lori nalo lina mpangilio: vizito na virefu mbele, nyuma ya kichwa cha gari, kisha safu kwa safu kutoka sakafuni hadi juu, kila safu ikikazwa kwa mikanda kabla ya kuanza nyingine. Runinga na vioo husimama katikati ya magodoro. Skrubu za kitanda zinaingia kwenye mfuko mmoja unaofungwa kwa selotepu kwenye kitanda chenyewe. Mfuko ukitupwa kwenye katoni yoyote, usiku mtalala chini.

Haki inadai niseme na upande wetu wateja. Huwezi kuwapima watu hawa kama hukufungasha. Vitabu viingie kwenye katoni ndogo, kilo 15 hivi, maana katoni kubwa ya vitabu hupasuka chini ikiwa mikononi mwa mtu. Chini ya katoni pitisha selotepu mara mbili kufuata kiungo na mara moja kukikingama. Jaza mpaka juu kwa nguo au karatasi, kwa kuwa katoni yenye uwazi hubonyea ikipandiwa na nyingine. Vikipakiwa vitu vilivyotapakaa sakafuni, kazi ya saa nne inakuwa ya saa saba, na jasho hilo la ziada umelisababisha wewe. Hapo kifuta jasho kiongezeke.

Kiasi gani? Asilimia ya bili siipendi. Safari ndefu ina bili nene kwa sababu ya mafuta na lori, na kilomita hazimchoshi mbebaji. Kuhama kutoka ghorofa ya nne isiyo na lifti kwenda mtaa wa pili kuna bili nyembamba, ila ndiko migongo inakoumia. Hesabu ninayoitumia ni hii: chukua bei ya saa moja ya kikosi kizima, igawe kwa idadi ya watu. Kama bei ilikuwa ya mkupuo, igawe kwanza kwa saa walizofanya kazi. Kinachopatikana ni kipimo cha mtu mmoja kwa kazi ya nusu siku iliyofanywa vizuri. Kikosi cha watu wanne kikitoza, tuseme, uniti 80 za fedha yoyote kwa saa, kila mmoja anapata 20. Kwa siku nzima, ngazi nyingi, piano au mvua, zidisha mara mbili. Bei ile ina lori na faida ya kampuni ndani yake, kwa hiyo mbebaji anapata zaidi ya ujira wake wa saa, na mfuko wako hautoboki. Uwezo ukiwa mdogo, toa nusu bila haya.

Namna ya kutoa ina uzito kuliko kiasi. Mpe kila mtu mkononi mwake, wenzake wakiona. Ukimkabidhi nyapara fungu zima agawe, huna njia ya kujua lilifika wapi, na ugomvi wa mgao huanzia hapo. Chenji iandae siku iliyotangulia na iwe mfukoni mwako. Noti zilizomo kwenye droo iliyopakiwa lorini hazimsaidii mtu. Dereva aliyebeba apate sawa na wengine, aliyebaki kwenye usukani apate kidogo. Ukilipa kwa simu kupitia ukurasa wa kampuni, uliza kwanza kama pesa ile inawafikia wao. Na pale kikosi cha kupakia kinapokuwa tofauti na cha kushusha, usingoje mwisho wa safari, kwani waliobeba kwenye ngazi zako za zamani hutawaona tena.

Wakati wake ni baada ya ukaguzi: vitanda vimeungwa, katoni zimehesabiwa, mashine iko mahali pake. Maji ya kunywa wapewe tangu asubuhi, na waonyeshwe choo. Maji hayashiki nafasi ya pesa, ni utu tu. Pombe usitoe kabisa, kuna ngazi na kuna gari la kuendesha.

Kitu kikiharibika, tenganisha mambo mawili. Fidia ni ya kampuni: piga picha, andika kasoro kwenye karatasi ya makabidhiano kabla ya kutia sahihi, kisha peleka madai. Kifuta jasho ni cha mtu. Aliyeniita mwenyewe akanionyesha mkwaruzo kwenye meza nilimpa chake chote, maana aliweza kuigeuza meza upande wa ukuta nikaja kugundua baada ya mwezi. Wa kunyimwa ni anayewakanya wenzake kwa mdomo huku katoni zenye alama ya kuvunjika akizirusha. Na lori lililochelewa kwa sababu ofisi ilipanga kazi mbili asubuhi moja lisiwaponze waliokuja nalo.

Hapo ndipo ile nyota ya ofisi ilipopotea. Makadirio yalitolewa kwa simu bila mtu kuuliza ghorofa ngapi wala lori litaegeshwa umbali gani na mlango. Siku ya kazi ikaja tozo ya ngazi. Tozo hiyo inaeleweka, ila iandikwe mapema. Tena usidhani inaingia mfukoni mwa waliozipanda. Waulize wenyewe, na jibu likiwa hapana, kadiria kifuta jasho kana kwamba haikuwapo. Unapoomba makadirio taja mwenyewe ghorofa, lifti, umbali wa maegesho na vitu vizito, uliza kama bili ina ada ya huduma ndani yake, na taka jibu kwa maandishi.

Kuna jambo moja ambalo silivumilii, nalo ni kudaiwa kifuta jasho mizigo ikiwa bado lorini. Huko ni kukushika mateka na vyombo vyako. Usitoe. Piga simu ofisini papo hapo, wasomee bei iliyo kwenye makubaliano, na msisitize mizigo ishushwe kwanza.

Ukimkodi mwenye gari lake mwenyewe, bei kaipanga yeye na hana haja ya nyongeza. Vibarua aliowaokota kwa siku ile ndio wa kuwafikiria, maana mara nyingi hujui anawalipa nini, na wape mwenyewe. Kuna kampuni pia zinazowakataza wafanyakazi kupokea chochote. Uliza hilo unapoweka nafasi, kwa sababu kumlazimisha mtu kupokea kunaweza kumgharimu kazi. Katika hali hiyo andikia ofisi, taja kila mmoja kwa jina na kitu mahususi alichokifanya, na omba walewale siku utakapohama tena.