Shampeni kwa pasheni au kwa waragi?

Kwa kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) au ubatizo nyumbani Kampala, kokteli hizi mbili ndizo zinazofaa zaidi. Zote zinataka chupa iliyokaa dakika 30 kwenye ndoo ya barafu na maji, kwani ya vuguvugu hufurika ikifunguliwa. Shampeni halisi hutoka Champagne, Ufaransa, na ni ghali. Mvinyo mkavu (usio mtamu) wa mapovu kutoka Afrika Kusini unatosha kabisa.

Ya pasheni: mililita 40 za juisi, kisha 120 za mvinyo. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi sita. Chuja juisi mara mbili kwa kitambaa safi, na hapa ndipo wengi huharibu: mapovu huanzia kwenye vile vichembe vya tunda, gesi ikatoka yote kwa mkupuo, povu likamwagika mezani na kinywaji kikabaki bila mapovu. Inamisha glasi, mimina polepole, usikoroge.

Ya waragi ni French 75, kokteli ya jini (gin) na shampeni, ila hapa jini ni waragi, pombe kali ya Uganda: mililita 30 za waragi, 15 za ndimu, 15 za shira ya sukari na maji sawa kwa sawa. Tikisa na barafu sekunde 15, chuja, ongeza mililita 90 za mvinyo. Mvinyo usitikiswe kamwe. Gesi itarusha kifuniko.

Umati wenye wazee upewe pasheni. Waragi ni kali na kila glasi hutikiswa upya, hivyo iwe ya wageni wachache, nayo ndiyo tamu zaidi ndimu ikikamuliwa papo hapo.