Fimbo ya halibuti niliyouziwa Kigoma: nyota mbili, na moja naifikiria tena

Ukienda kununua fimbo ya kuvulia hapa mjini Kigoma, muuzaji akakuambia "hii ni ya kina kirefu mzee, hii wanavulia halibuti", rudisha pesa mfukoni utoke. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, laki na ushee yangu ikabaki kaunta kwake. Jina la duka silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua.

Halibuti, kwa asiyemjua, ni samaki bapa wa bahari ya baridi, macho yote mawili yako upande mmoja, analala chini kabisa kwenye sakafu ya bahari huko Norwe na Alaska. Mkubwa wake anapita kilo mia mbili. Wanaomvua wanashusha chubwi, yaani kizito cha kuzamisha chambo, zito hasa, na mkondo wa bahari unavuta, ndiyo maana fimbo zao ni fupi, nene na ngumu. Uzi wao ni wa kusuka, mwembamba, usiovutika kama nailoni, ili mkondo usiupeperushe na mvuvi asikie samaki akigusa chambo huko chini. Kwao ni akili kabisa. Sina ugomvi na watu wa Alaska.

Sasa yule bwana mdogo wa dukani hesabu yake ilikuwa hivi: Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, kwa hiyo linataka fimbo ya kina kirefu. Inaingia masikioni vizuri. Lakini huku kwetu kaskazini oksijeni inaishia kwenye mita mia na kitu tu, chini ya hapo ni maji yaliyokufa, samaki haishi. Ukishusha chambo mita elfu moja unamvulia nani? Sangala anafuata dagaa na migebuka, na kuhe anazunguka karibu na mawe ya ufukweni. Mtoto yeyote wa Kibirizi anakueleza hayo bila kuwa na duka.

Lakini fimbo si kilichoniudhi. Kilichoniudhi ni uzi.

Fimbo niliinunua kipindi kile cha 2024 ziwa lilipofungwa watu wasivue, ile miezi mitatu ya kuanzia katikati ya Mei, kwa hiyo ilikaa ukutani muda mrefu naiangalia tu, na mama watoto anauliza kama ni pambo. Uzi alinifungia yeye mwenyewe muuzaji, pale pale kaunta, uzi wa kuhimili ratili 80, rili (kile kigurudumu cha kukunjia uzi kwenye fimbo) imejaa mpaka inapendeza. Ziwa likafunguliwa. Tukatoka alfajiri moja mimi na shemeji, upande wa Katonga, maji yametulia, tunakokota chambo cha bandia nyuma ya boti. Kitu kikagonga. Kizito. Shemeji anasema sangala, mimi nasema sangala. Nazungusha rili, uzi hauji. Nakaza breki ya rili, uzi unatoka. Nakaza tena mpaka breki inagoma, uzi bado unatoka, na samaki anaelekea kwenye mawe yake bila haraka yoyote, kama mpangaji anayehama na kodi. Shemeji ananipigia kelele, "Mvute basi!" Nimvute na nini? Halafu ukalegea. Chambo, ndoana, vyote vikaenda.

Nilipoitazama rili vizuri ndipo nilipoelewa. Breki haikuwa na kosa. Uzi wote, bonge zima, ulikuwa unazunguka wenyewe juu ya bobini, ile sehemu ya rili uzi unapokunjwa. Uzi wa kusuka unateleza. Ukiufunga moja kwa moja kwenye bobini tupu ya chuma haushiki, hata ukaze breki mpaka kesho. Unatakiwa kwanza uzungushe nailoni mara kadhaa, au angalau ubandike kipande cha plasta, halafu ndipo ufuate wa kusuka. Na mbele kabisa unaunga nailoni nene tena, maana wa kusuka ukisuguana na jiwe hauna maisha, na mfuniko wa shavu la sangala nao unakata. Hata fundo la kawaida halifai, linachomoka polepole. Haya yote anatakiwa ayajue nani, kama si mtu aliyefungua duka la vifaa vya uvuvi?

Nikarudi dukani na fimbo mkononi. Nikaingia, nikasalimu. Kimya. Yuko na simu. Mimi nina mvi, na hapa Kigoma mwenye mvi akiingia dukani kwako unampa shikamoo yake hata kama anadaiwa. Nikaeleza habari yote, nikaiweka rili mbele yake. Hakuigusa. Akasema, macho yako kwenye simu:

"Mzee, hii siyo mshipi wa Ujiji wa kufunga kidoleni. Hii inataka mtu anayejua."

Mshipi wa Ujiji! Mimi nimezaliwa Ujiji. Marehemu baba alitulisha na kutusomesha kwa mshipi wa kidoleni, na alikuwa anajua kama ni kuhe au singa kabla hajamwona, kwa jinsi uzi unavyotetemeka tu. Kidole cha mzee yule kilikuwa na breki kuliko rili zote zilizoning'inia pale dukani. Nikamwambia basi nifungie upya, maana wewe ndiye uliyefunga. Akajibu kufunga uzi ni elfu kumi. Elfu kumi! Kurekebisha kazi yake mwenyewe!

Nilitoka nimeamua kuandika nyota sifuri.

Tatizo ni kilichofuata. Pale mwalo wa Kibirizi kuna kijana anatengeneza injini za boti. Nilikuwa namsimulia tu, kupunguza hasira. Akasema, "Baba, lete nione." Akautoa uzi wote, akazungusha nailoni chini, akaunga, akarudisha wa kusuka, mbele akaweka nailoni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Alikataa pesa, akakubali soda. Na tangu hapo, niseme ukweli, ile rili inashika. Nimeshatoa kuhe mkubwa nayo, kuhe wa kualika majirani. Fimbo kwa kurusha chambo chepesi haifai, ngumu mno, chambo kinaangukia miguuni pako. Ila kwa kukokota nyuma ya boti sijaona mfano wake, na uzi unakuletea kila mguso mpaka kwenye kiwiko. Kwa hiyo fimbo ni nzuri. Uzi pia ni mzuri. Siku ile ya kuhe ningekuwa naandika, ningetoa nyota nne.

Lakini ngoja. Kama fimbo ni nzuri na uzi ni mzuri, basi yule sangala wangu aliondoka kwa sababu ya nailoni ya bei ya soda na dakika chache ambazo mtu mmoja hakutaka kuzitoa, na badala ya pole nikapewa Ujiji yangu usoni. Hilo linaniuma kuliko kama wangeniuzia takataka. Takataka unaitupa, unasahau.

Anayetaka kweli kununua achukue fimbo ya ugumu wa kati, nailoni kama ndiyo anaanza, kwa sababu nailoni inavutika na inamsamehe mtu. Wa kusuka anunue akiwa na mtu wa kumfungia, na asimame juu yake aone bobini inaanza na nini. Fimbo nne, labda tatu na nusu. Duka sifuri. Ukigawanya ni mbili, na hata hizo mbili leo nazionea uchungu.

Juzi nimepita pale. Amebandika karatasi mlangoni: BIDHAA IKIUZWA HAIRUDISHWI. Yeye yuko ndani, na simu yake. Akanyanyua kichwa, akasema "Shikamoo mzee, karibu, kuna rili mpya." Sikuitikia.