Labradoodle: Mfahamu Mbwa Huyu Kabla ya Kumnunua

Karibuni, watazamaji wapenzi. Leo tunamchambua Labradoodle, mbwa chotara wa Labrador na Poodle mkubwa, kwa sababu wengi wenu mnaoishi Uingereza na Marekani, ambako anauzwa kwa bei kubwa, mmeniuliza kama ni kweli kwamba hamdhuru mtu mwenye mzio. Jibu langu ni kwamba msimnunue kwa ajili ya ahadi hiyo.

Ahadi yenyewe ilianzia Australia mwishoni mwa miaka ya 1980. Wally Conron, aliyesimamia uzalishaji wa mbwa wanaowaongoza wasioona, alipokea ombi la mwanamke wa Hawaii ambaye hakuwa akiona vizuri na ambaye mumewe alikuwa na mzio wa mbwa. Baada ya kujaribu Poodle wengi bila kumpata aliyeifaa kazi hiyo, Conron alimpandisha Labrador kwa Poodle. Walizaliwa watoto watatu, sampuli za manyoya na mate yao zikapelekwa Hawaii, na ni mmoja tu, aliyeitwa Sultan, aliyeonekana kutomsumbua yule mume. Naomba mlizingatie hilo: ndugu wa tumbo moja, na bado hawakufanana. Conron mwenyewe alikuja kusema hadharani kwamba anajutia jambo aliloanzisha, akiwatazama watu wanaozalisha machotara kiholela kwa tamaa ya fedha.

Kinacholeta mzio ni protini zilizomo katika mate, mba na mkojo wa mbwa, ambazo hushika kwenye manyoya na kusambaa nyumbani. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba manyoya ya mbwa wanaosifiwa kuwa salama, Labradoodle akiwemo, hayakuwa na protini kuu ya mzio kidogo kuliko ya mbwa wengine, na hewani ndani ya nyumba hapakuwa na tofauti. Kwa hiyo, mwenye mzio katika familia akae kwa muda mrefu, zaidi ya mara moja, na mbwa yuleyule mnayekusudia kumchukua.

Sasa tuyaangalie manyoya kwa karibu, maana hapa ndipo gharama ya kweli ilipo. Watoto wa uzao wa kwanza, yaani waliozaliwa na Labrador na Poodle moja kwa moja, wanaweza kuwa na manyoya yaliyonyooka, ya mawimbi au ya vipilipili, na muuzaji anayewahakikishia aina moja anasema asilolijua. Manyoya ya vipilipili hupukutika kidogo sakafuni, lakini yaliyokufa hubaki yamenasa ndani, yakajisokota kuwa mafundo karibu na ngozi, hasa nyuma ya masikio, kwapani na chini ya ukosi. Tazameni ninavyoyagawa kwa vidole mpaka ngozi ionekane, nikapiga brashi tabaka moja baada ya jingine, kisha nikapitisha chanuo la chuma: likikwama, kuna fundo. Msimwogeshe kabla ya kuyafungua, kwa sababu maji huyakaza. Kati ya miezi minane na kumi na miwili manyoya ya utotoni hubadilika, na mbwa aliyekuwa rahisi kutunzwa huhitaji brashi karibu kila siku. Ongezeni malipo ya kinyozi wa mbwa kila wiki 6 hadi 8.

Kwa tabia nampenda sana. Ni mchangamfu, hufundishika haraka na huwapenda watu. Hata hivyo, wazazi wake wote wawili wanatoka katika koo za mbwa wa kuokota ndege majini, hivyo anahitaji kukimbia, kuogelea na kutumia akili kila siku. Akiachwa peke yake kutwa nzima, atatafuna viatu na milango. Akitoka majini, mkausheni masikio, kwani hulala na kuhifadhi unyevu.

Msidanganyike kwamba uchotara pekee humpa afya bora. Utafiti wa Royal Veterinary College, chuo cha tiba ya wanyama cha Uingereza, uliochapishwa mwaka 2024 uliwachukua Labradoodle pamoja na aina nyingine mbili za machotara wa Poodle, ukawalinganisha na koo za wazazi wao, na kwa magonjwa mengi haukuona tofauti. Labrador na Poodle wote wanaweza kurithisha ubovu wa nyonga na ugonjwa wa macho unaoleta upofu polepole. Dai kumwona mama akiwa na watoto wake, picha za eksirei za nyonga za wazazi wote wawili na majibu ya vipimo vya vinasaba vya macho. Muuzaji asiye na hati hizo, msimlipe hata arubuni.