Core i7-12700K na Ryzen 7 5700X ndani ya chumba kisicho na eisi, uzoefu wangu hapa Unguja

Hizi ni prosesa za kompyuta, ya kwanza ya Intel, ya pili ya AMD, na zote mbili nimezitumia kwa kazi ile ile, kuediti video za harusi na kasida, chumba chenyewe kidogo Mwanakwerekwe, eisi hakuna, kuna pangaboi tu linazunguka, kwa hiyo haya nnayosema ni ya mtu anaefanya kazi kwenye joto la kaskazi na umeme wa kununua yuniti, sio ya wale jamaa wa Yutubu wanaopima vitu ndani ya chumba cha baridi huko Ulaya.

Na hilo la chumba watu hawalipi uzito kabisa. Feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa chini ya joto la hewa ile ile inayoivuta. Mtu akikwambia yake ilifika nyuzi 75 na chumba chake kilikuwa nyuzi 22, wewe saa nane mchana mwezi wa pili chumba chako kina 32, jumlisha kumi hapo ushafika 85 na kelele ishaanza.

Sasa hii 12700K ina kori (vile vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) 12, nane kubwa na nne ndogo, thredi (kazi inazoshika kwa pamoja) 20, utaona imeandikwa wati 125 lakini ikikazwa inaruhusiwa kula mpaka 190, na hizi zenye K bodi ikiachiwa inaweza kukaa hapo hapo kwenye 190 muda wote kama feni inahimili. 5700X ni kori 8, thredi 16, imeandikwa wati 65 na mwisho wake khasa ni kama 76. Yoyote utayochukua jua boksini haina feni, hiyo bajeti yake pembeni.

Kurenda, yaani kuitoa video ikishaeditiwa, Intel inashinda, hapo hakuna ubishi. Ila mie kilichonigusa zaidi sio kurenda, ni ile kukata futeji. Kamera za kisasa, hizi za Sony na Canon, zinarekodi H.265 (namna ya kubana video) ya biti 10 kwa 4:2:2 (inayohifadhi rangi nyingi zaidi), na ile Intel ina grafiki yake ndani, UHD 770, ambayo inaifungua futeji hiyo kwa saketi maalumu (ndo hiyo Quick Sync), nikiburuta kwenye taimlaini ya Premiere, programu nnayoeditia, inateleza tu. Ryzen hii haina grafiki ndani hata kidogo, na kadi za grafiki za GeForce za kabla ya RTX 50 hazifungui 4:2:2, basi kori zenyewe ndo zinabebeshwa mzigo wote, picha inakatakata mpaka utengeneze proksi (nakala nyepesi za futeji) kwanza, na mfungo mosi harusi zimepangana hizo saa za proksi unazitoa wapi? Lakini kama kamera yako ni ya biti 8 4:2:0 usijisumbue, hutoona tofauti ya maana.

Joto na kelele ndo Intel inaponiudhi. Kwa 190 mchana wa kaskazi inagonga nyuzi 100 ambayo ndo mwisho wake, hapo inajipunguza yenyewe, feni inalia ukiwa nje ya mlango unaisikia, na chumba hicho hicho vijana wanakuja kurekodi sauti za kasida, sasa maikrofoni inachukua feni kuliko msomaji. Ryzen nilikuwa naiacha inarenda na kurekodi naendelea, hata hawajui kama kompyuta inafanya kazi.

Dawa nimeipata ndani ya BIOS (mipangilio ya bodi kabla Windows haijawaka), nimeishusha Intel kikomo mpaka wati 125. Jamani, kurenda kumeongezeka dakika chache tu, wati nyingi kiasi hicho zimepungua na feni imetulia. Sababu ni kwamba ule mwendo wa mwisho mwisho unataka volti zaidi, na umeme unaoliwa hupanda kwa mraba wa volti, kwa hiyo unalipa sana kwa kasi kidogo. Wakija wa kasida naishusha mpaka 95, siku nyengine nasahau kuirudisha na wala siumii.

Kitu kilichonishangaza ni umeme ikiwa haina kazi. Nilidhani Ryzen itakula kidogo muda wote, kumbe ikikaa bure Intel ndo inakula kidogo zaidi, hizi Ryzen zilizoundwa kwa vipande vipande vya chipu, kile kipande cha katikati kinachoviunganisha hakilali sawasawa. Ofisi ambayo kompyuta inashinda imewashwa kwa WhatsApp na kuprinti, hilo lihesabu.

Umeme ukikatika katikati ya kurenda, ile Intel kwa 190 pamoja na kadi, yuupiesi yangu (betri ya akiba) ya 650 VA ilikuwa inapiga kelele na kuzima hapo hapo hata kusevu huwahi. Kwa 125 inanipa muda wa kusevu na kuzima kwa adabu.

Mie nimebaki na Intel. Kijana anaeanza biashara ya video lakini simwambii anunue 12700K, achukue i5-12400, kori 6, ikikazwa haizidi wati 117, feni inakuja nayo boksini, na Quick Sync ya kufungua 4:2:2 imo. Ila isiwe 12400F, hiyo grafiki yake imezimwa, na ukiagiza Dar muuzaji atakutajia namba tu ile F haitaji, mwambie akupigie picha ya boksi kabla hujatuma pesa.