Liva, pampu, klampu: zana za kubadilisha tairi la pikipiki nyumbani na ipi ununue kwanza

Ukitaka kubadilisha tairi la pikipiki yako mwenyewe, usianze kwa kutafuta mashine. Tairi la 2.75-17 au 3.00-17, au wenzake wa inchi 18, yaani saizi za bodaboda nyingi, hutoka na kuingia kwa liva tatu, maji ya sabuni na uzito wa magoti yako. Wanaoshindwa mara nyingi wana nguvu za kutosha. Wanashindwa kwa sababu ncha ya chuma imebana tyubu kwenye rimu pale mwishoni, tairi likajazwa, likashika upepo dakika kumi, kisha likashuka. Kwa hiyo tumezipanga zana kwa swali moja: hii itaiacha tyubu salama?

Ya kwanza: liva tatu fupi zenye ncha ya kijiko

Liva (wengine huita vyuma vya kufungulia tairi) zinazofaa kwa magurudumu haya zina urefu wa sentimita 25 hadi 30. Nunua tatu, hata kama dukani zinauzwa mbili mbili. Ya kwanza inashikilia, ya pili inainua, ya tatu inasogea mbele. Ukiwa na mbili tu, kila ukichomoa moja ukingo wa tairi unarudi ndani, unalazimika kuinua kipande kirefu kwa mkupuo, na hapo ndipo tyubu inapochanika.

Unachonunua hasa ni ncha. Iwe imekunjwa kidogo kama kijiko, mviringo pembeni, nyembamba ya kupenya lakini isiyo na makali. Ukiwa bado dukani, pitisha pamba au kitambaa chepesi kuzunguka ncha yote. Pale nyuzi zinaponasa ndipo tyubu itakapokatika. Tazama pia shingo, pale ncha inapoanza kupinda: ikiwa imechomelewa badala ya kufuliwa kwa chuma kimoja, iache, maana huvunjika hapo hapo.

Zinazofuata kwa ubora ni zile zinazofuliwa na mafundi wa chuma kutokana na springi kuukuu za gari, kama wale wa Gerezani Dar es Salaam au Kamukunji Nairobi. Chuma cha springi ni kigumu na hakipindi ovyo, kwa hiyo kwa uimara zinaweza kuzishinda nyingi za kwenye paketi. Kasoro yake ni ncha nene na yenye kwaruzo. Mwambie fundi aipunguze hadi milimita 4 au chini kidogo, kisha wewe mwenyewe malizia kwa tupa na msasa hadi kitambaa kipite bila kunasa. Nusu saa ya tupa ni nafuu kuliko tyubu mbili.

Liva yenye ringi ya spana upande mmoja ni nzuri kwa anayesafiri, kwa kuwa inafungua nati ya ekseli na tairi pia. Lakini nati ya mbele na ya nyuma mara nyingi hazilingani, basi pima zako kwanza.

Liva ndefu, za sentimita 40 na kuendelea, ziweke nafasi ya mwisho. Zimekusudiwa matairi mapana. Kwenye rimu nyembamba ya bodaboda urefu huo unakupa nguvu nyingi kuliko unavyoihisi mkononi. Unaweza kupinda mdomo wa rimu ukadhani ni tairi linalogoma. Na bisibisi haina nafasi kabisa kwenye orodha hii, hata ile kubwa yenye ncha iliyoisha. Liva za plastiki za baiskeli nazo zitakatika kwenye tairi la kwanza.

Ya pili: pampu ya mguu yenye geji

Pampu ya mguu yenye silinda moja nene inatosha. Yenye silinda mbili hujaza haraka zaidi, ila viungo vyake ni vingi na huanza kuvuja mapema. Angalia mambo matatu: fremu ya chuma isiyoyumba ukiikanyaga, mpira mrefu unaofika kwenye valvu bila kuivuta, na kichwa kinachobana valvu ya aina ya gari, maana ndiyo iliyo kwenye tyubu za pikipiki. Pampu ya mkono ya baiskeli za kawaida imetengenezwa kwa valvu tofauti. Bila kiunganishi haitashika, na hata ikishika utachoka kabla tairi halijakaa kwenye rimu.

Kompresa ndogo ya volti 12 inavutia, na kwa mwenye gari ni ununuzi mzuri. Kwa bodaboda fikiri mara mbili. Nyingi huvuta ampea 10 au zaidi, na betri ya pikipiki ya cc 100 au 150 ni ndogo mno kwa mzigo huo. Fyuzi inaweza kukatika, au ukabaki na tairi lililojaa na starta isiyoitikia.

Geji iliyojengwa kwenye pampu za bei ya chini haiaminiki. Nunua geji ndogo ya pembeni, ile ya kalamu au ya saa. Kwa pikipiki nyingi za India za ukubwa huu upepo ni takriban PSI (kipimo cha msukumo wa upepo) 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, na 32 nyuma ukiwa na abiria. Soma kitabu au stika ya pikipiki yako. Namba kubwa iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, sio kipimo cha kila siku.

Ya tatu: vitu vidogo ambavyo watu husahau

Kifungulio cha kipini cha ndani ya valvu ni kitu cha bei ndogo sana, na bila hicho utahangaika kutoa upepo wote. Ongeza sabuni ya maji, poda ya mtoto, msasa, viraka na solusheni. Tyubu ya akiba nayo, lakini ya saizi sahihi. Tyubu ya inchi 18 ukiibana kwenye tairi la inchi 17 itajikunja mahali fulani, na pale ilipojikunja itajisaga hadi itoboke. Tyubu zilizoandikwa 2.75/3.00-17 huingia mbele na nyuma, hivyo moja inakutosha kubeba.

Kata vipande viwili vya plastiki kutoka kwenye dumu kuukuu, vya upana wa vidole vitatu, uvikunje juu ya mdomo wa rimu ili liva isikwaruze. Tafuta pia tairi kuukuu la gari. Ukililaza chini na kuweka gurudumu juu yake, dramu ya breki na sproketi hukaa ndani ya tundu badala ya kugonga sakafu, na gurudumu halikimbii. Hakuna stendi ya dukani inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa matairi haya.

Ya nne, kwa baadhi tu: klampu ya kubandua tairi

Kabla liva haijaingia, ukingo wa tairi (ule mviringo mgumu wenye waya wa chuma ndani) lazima ubanduke kutoka kwenye rimu. Kwa matairi yenye tyubu kisigino cha buti kinatosha: toa upepo wote, simama kwenye ubavu wa tairi karibu kabisa na rimu, zunguka. Likiwa limeshika kutu, klampu kubwa ya fundi seremala yenye umbo la G hulibana hadi liachie.

Wenye rimu za aloi na matairi yasiyo na tyubu, kama Apache na Pulsar nyingi, wanahitaji klampu yenye nguvu kweli, kwa sababu rimu hizo zina kigongo kinachoshikilia ukingo makusudi. Hao tunawashauri wanunue kwanza kifaa cha kuzibia pancha kwa kamba za mpira zinazoingizwa kutokea nje ya tairi, maana pancha nyingi za sehemu ya tairi inayokanyaga barabara hizibwa hivyo bila kulitoa. Pampu ya mguu mara nyingi hushindwa kulikalisha tairi la aina hiyo kwenye rimu. Linahitaji upepo mwingi kwa ghafla, yaani kompresa ya gereji.

Ya mwisho: mashine ya mkono ya kusimama

Ile yenye nguzo katikati na mkono mrefu ni lazima ifungwe kwa bolti kwenye zege, la sivyo inazunguka yenyewe. Nyingi zimetengenezwa kwa rimu za gari na zinadai kiungo cha ziada kwa pikipiki. Kwa mwenye pikipiki moja au mbili ni pesa iliyolala. Mwenye pikipiki kumi za hesabu anaweza kuifikiria, na hata yeye atahitaji liva nzuri kwanza.

Jinsi zana hizi zinavyofanya kazi pamoja

Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, sehemu ngumu na tambarare. Kwa gurudumu la nyuma, fungua nati ya fimbo ya breki na mkono unaoshikilia sahani ya breki, legeza virekebishaji vya cheni, kisha ekseli. Panga bushi (zile pete za chuma zinazokaa kwenye ekseli) chini kwa mfuatano zilizotoka nao, kushoto na kulia. Bushi zikibadilishana pande, gurudumu litakaa kombo.

Toa kipini cha valvu na nati inayobana valvu kwenye rimu. Bandua tairi pande zote mbili. Paka maji ya sabuni. Usitumie oili wala grisi: inaharibu mpira, na tairi litateleza kuzunguka rimu hadi ling'oe shingo ya valvu.

Sasa jambo lenyewe. Katikati ya rimu kuna bonde. Waya ulio kwenye ukingo wa tairi haunyumbuki, kwa hiyo njia pekee ya kupata nafasi upande wa liva ni kuuzamisha ukingo ndani ya bonde upande wa pili. Piga magoti hapo na ubaki hapo. Tairi likionekana gumu ghafla, usiongeze nguvu. Tazama upande wa pili, utakuta ukingo umepanda kutoka kwenye bonde. Karibu kila tyubu iliyobanwa na kila liva iliyopinda ilianzia hapo.

Unapotoa, anzia karibu na valvu. Chukua sentimita 5 hadi 8 kila mara, usiwe na haraka. Unaporudisha, anzia upande ulio mbali na valvu na umalizie kwenye valvu, kwa kuwa pale kwenye valvu ukingo hauwezi kuzama kwenye bonde. Shingo na tyubu vimeziba.

Kabla ya kurudisha, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote kutafuta msumari au mwiba uliobaki, na uangalie utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoki. Isome pia tyubu ya zamani. Matundu mawili yaliyokaa sambamba yanasema tyubu ilibanwa kwa sababu ya upepo mdogo au kwa liva. Tundu upande wa rimu ni spoki au utepe uliochakaa. Mpasuko kwenye shina la valvu unasema tairi lilikuwa linateleza kwenye rimu, na hapo kiraka hakishiki, badilisha tyubu. Ukibandika kiraka mahali pengine, kwaruza kwa msasa, paka solusheni nyembamba, na subiri kama dakika tano hadi isiwe na maji tena ukiigusa. Kiraka kilichobandikwa kwenye solusheni mbichi hubanduka tairi likipata moto.

Tyubu mpya ipake poda, ijaze upepo kidogo tu ipate umbo la mviringo, ndipo uiingize. Tyubu bapa hujikunja na kuikimbilia ncha ya liva. Hakikisha mshale ubavuni mwa tairi unaelekea mbele, na kama kuna nukta ya rangi iweke kwenye valvu. Sentimita kumi za mwisho ndizo ngumu: sukuma valvu juu kuelekea ndani ya tairi ili tyubu isiwe chini ya ukingo, kisha malizia kwa liva mbili, kila moja ikiingia kidogo tu. Mara nyingi, magoti yakiwa mahali pake, kiganja kinatosha.

Jaza hadi PSI 30, toa, jaza tena. Hatua hiyo inainyoosha tyubu ndani. Tazama mstari mwembamba ulio ubavuni mwa tairi karibu na rimu. Uwe umbali uleule kuzunguka kote, pande zote mbili. Ukizama mahali, toa upepo, paka sabuni zaidi, ujaribu tena, bila kuzidi PSI 40. Valvu isimame wima. Ikiinama, tyubu imevutwa na kesho itakatika.

Ukirudisha gurudumu la nyuma, acha cheni ilegee sentimita 2 hadi 3 katikati, alama za virekebishaji zilingane pande zote mbili, kaza ekseli na urudishe pini yake. Kanyaga breki mara kadhaa gurudumu likiwa juu na uangalie kama linaachia. Liache usiku mmoja kabla ya kubeba abiria, upime upepo asubuhi kabla ya kuwasha. Tyubu iliyoguswa na liva kidogo sana hujulikana wakati huo.